CT au MRI: Picha Ipi Kwanza Mgonjwa Akishukiwa Kuwa na PRES

"Tumeambiwa CT, lakini jirani anasema MRI ndiyo inayoona kila kitu. Si tuombe hiyo hiyo moja kwa moja?" Swali hili huulizwa sana nje ya idara za picha za hospitali za Mombasa. Muulizaji huwa ni mume, mama mkwe au kaka, na aliye ndani ni mama aliyejifungua juzi tu, ambaye ghafla amepata mtukutiko, kichwa kinamgonga, na sasa anasema haoni. Daktari ametaja PRES, yaani ubongo kuvimba ghafla kwa maji. Familia imeshaitafuta kwenye simu na kuzidi kuogopa.

Maoni yangu nayatanguliza ili anayekimbizana na saa asilazimike kusoma mpaka chini: ikiwa mgonjwa hajatulia, CT kwanza. Kwa PRES, MRI ni picha bora zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ubora huo una faida pale tu CT imeshindwa kujibu swali, na jibu la swali hilo litabadilisha matibabu. Wala hakuna kati ya hizo mbili inayostahili kutangulia kipimo cha presha na dawa ya kuzuia mtukutiko.

PRES hufanya nini ubongoni

PRES (kwa Kiingereza posterior reversible encephalopathy syndrome, yaani ugonjwa wa ubongo wa upande wa nyuma unaoweza kurudi hali ya kawaida) ni hali ambayo ubongo, hasa upande wa kisogoni, huvimba kwa maji kwa ghafla. Iliandikwa kama sindromu yenye sura yake mwaka 1996, pale daktari Judy Hinchey na wenzake walipochapisha katika New England Journal of Medicine habari za wagonjwa 15. Saba kati yao walikuwa wakitumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, mmoja alikuwa kwenye interferoni kwa sababu ya saratani ya ngozi, watatu walikuwa na kifafa cha mimba, na wanne presha iliyopanda ghafla pamoja na maradhi ya figo. Jina la PRES lilikuja baadaye, lakini makundi yale manne ndiyo tunayoyaona mpaka leo.

Kinachotokea ni hiki. Mishipa midogo ya ubongo hujibana presha ikipanda na kulegea ikishuka, ili damu ifike kwa kiasi kile kile wakati wote. Presha ikiruka kupita uwezo wa mishipa kujibana, au ngozi ya ndani ya mishipa ikiwa tayari imedhoofishwa na mimba yenye presha, figo mbovu au dawa kali, maji ya damu huchuja na kuingia kwenye nyama ya ubongo. Mishipa ya nyuma huzidiwa mapema kwa sababu ina neva chache za kuiamrisha ijibane.

Kwa watu wote kwa jumla huu ni ugonjwa adimu. Kwenye wadi ya uzazi mambo ni mengine. Mwaka 2013 madaktari wa Mississippi, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 47 wenye kifafa cha mimba waliopigwa picha za ubongo, na 46 kati yao walikuwa na PRES. Takwimu hiyo nitairudia, kwa sababu inaamua mengi kuhusu kama MRI inahitajika.

Dalili zinazopotosha

Nne ndizo zinazotajwa: kichwa kuuma, mtukutiko, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, na kuona kuharibika. Si lazima zije zote. Mtukutiko huwapata zaidi ya nusu ya wagonjwa, na mara nyingi ndio unaoiamsha familia kuita gari.

Macho ndiyo yanayopoteza watu njia. Mgonjwa anasema haoni, lakini macho yenyewe ni meupe, hayana tongotongo wala maumivu, na ukiyamulika kwa tochi mboni zinajibana kama kawaida. Familia inafikiria kliniki ya macho, au inadhani anazidisha. Jicho ni zima. Kilichovimba ni ile sehemu ya kisogoni inayopokea habari kutoka machoni. Wengine hawapofuki kabisa, ila hupoteza nusu ya uwanja wa kuona, na utamwona mtu akijigonga kwenye fremu ya mlango upande ule ule kila mara. Wengine huona mimweko au vitu visivyokuwepo, na hapo ndipo nyumba nyingi za Pwani huanza kuzungumza habari za pepo. Sina ugomvi na kusomewa. Maalim anaweza kusoma kando ya kitanda cha wadini dawa zikiendelea. Ugomvi wangu ni na ule usiku mzima unaopotea nyumbani kabla ya presha kupimwa hata mara moja.

Kuna jambo la wakati ambalo halisemwi vya kutosha. Presha ya mama hufikia kilele chake siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, yaani mara nyingi akiwa ameshaondoka hospitali, yuko ndani, amefungwa tumbo, anakandwa, anakunywa uji. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mimba kwisha, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, lakini wiki sita nzima zinahesabiwa. Ukipiga hesabu utaona arubaini yetu inakaribia kabisa muda huo. Bibi anayemlea mzazi ndani ya arubaini ndiye mlinzi bora kuliko kliniki yoyote, mradi ajue kwamba kichwa kinachouma bila kukoma, macho yenye ukungu, au maumivu chini ya kifua upande wa kulia si "upungufu wa damu" wa kutulizwa kwa maini ya kuku. Presha ya 140/90 kwa mzazi ni ya kwenda nayo hospitali. Ya 160/110 ni ya kwenda nayo sasa hivi.

Aliyefanyiwa upasuaji kwa sindano ya mgongo anaweza pia kuumwa kichwa vibaya, lakini maumivu hayo yana tabia yake: akikaa yanazidi, akilala chali yanapungua. Kichwa cha PRES hakijali mkao. Tofauti hii haitoshi kumwondolea mtu shaka, ila inasaidia kumweleza daktari.

Si wazazi peke yao. Yuko mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, mwenye lupasi, aliyepandikizwa figo akatumia siklosporini au takrolimasi, anayetibiwa saratani, na mwenye sikoseli, ugonjwa ambao Pwani tunaufahamu vizuri. Yuko pia mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi au koo, wiki chache baadaye uso ukamvimba, mkojo ukawa wa kahawia, kisha akapata mtukutiko. Na presha si lazima iwe ya kutisha. Msichana ambaye kawaida yake ni 100/60 akipanda ghafla hadi 150/100, mishipa yake imeshapata mshtuko ambao mzee aliyezoea 170 hangeuhisi. Kwa watumiaji wa zile dawa za kinga, presha inaweza hata kuwa ya kawaida.

Kila mashine inaona nini

CT ni eksirei inayozunguka kichwa na kukikata vipande vipande kwa picha. Kitu inachokiona vizuri kabisa ni damu mbichi: damu iliyovuja ubongoni hutoka nyeupe, haihitaji ubingwa mkubwa kuiona. Huonyesha pia uvimbe mkubwa, ubongo uliosukumwa upande, na mfupa uliovunjika kama mgonjwa alianguka wakati wa mtukutiko. PRES kwenye CT, ikionekana, ni mabaka ya kijivu kilichofifia kisogoni, kushoto na kulia. Tatizo liko kwenye "ikionekana". Katika saa za mwanzo CT inaweza kuwa safi kabisa huku mgonjwa haoni hata mkono wake. Kwa hiyo ripoti ikija na kusema picha ni ya kawaida, maana yake ni kwamba hakuna damu wala uvimbe mkubwa. Haina maana kwamba mgonjwa ni mzima au anajifanya. Nimesikia ndugu wakimwambia mgonjwa, "Umeona? Huna kitu, inuka twende." Ndiyo maana naisisitiza.

MRI haitumii mionzi. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na kazi yake hasa ni kufuatilia maji mwilini. PRES ni ugonjwa wa maji yaliyopotea njia, kwa hiyo hapa mashine imepata kazi yake. Kuna picha aina ya FLAIR, ambayo huuzima ung'avu wa maji ya kawaida yanayouzunguka ubongo, na kuacha maji yaliyovuja yang'ae. Mabaka ya PRES hutokea hapo meupe, pande mbili, chini ya gamba la ubongo, kisogoni na kwenye utosi.

Lakini kitu MRI inachokifanya ambacho CT haikiwezi ni kutofautisha ubongo uliolowa na ubongo uliokufa. Fikiria nyumba ya mawe ya Mji wa Kale: baka la unyevu ukutani linatisha, ila ukuta umesimama, na kaskazi ikikauka baka hufifia, ukuta uliomeguka ni habari nyingine. Kwa macho ya FLAIR, kiharusi na PRES vyote viwili huweza kung'aa. Daktari wa radiolojia hugeukia picha mbili nyingine, DWI na ADC, zinazopima jinsi maji yanavyotembea. Katika kiharusi kipya chembe hai za ubongo zimevimba na maji yamenaswa ndani, hivyo DWI hung'aa na ADC huwa nyeusi. Katika PRES ya kawaida maji yako nje ya chembe na yanatembea kwa uhuru, hivyo ADC hung'aa. Mtu akikuambia MRI ina thamani gani kwa PRES, hiyo ndiyo thamani yake. Ukiweza kumuuliza daktari swali moja tu baada ya MRI, muulize hilo: ni maji tu, au kuna sehemu iliyokufa?

Jina la ugonjwa lenyewe linadanganya kidogo. Linasema "nyuma", lakini mabaka huweza kutokea mbele, kwenye ubongo mdogo, hata kwenye shina la ubongo. Linasema "hurudi", na wengi hurudi kweli, hasa mama wa kifafa cha mimba, lakini si wote: wachache huvuja damu ndani ya uvimbe ule, au sehemu iliyovimba sana hufa. MRI huona hayo mapema, na huona pia vijidamu vidogo ambavyo CT hupitiwa navyo.

Mgonjwa asiyetulia na sumaku

Hapa ndipo CT inaposhinda, na inashinda kwa mbali. Kulala kwenye CT ni suala la dakika chache. Muuguzi anasimama karibu, mitungi ya oksijeni inaingia, mashine za kupima moyo zinaingia, mtukutiko ukianza mgonjwa anatolewa papo hapo.

MRI inataka dakika 20 hadi 45 za kutotikisika, ndani ya tundu jembamba, kukiwa na kelele za kugonga. Mtu aliyechanganyikiwa haliwezi hilo. Akitikisika, picha zinaharibika na mnaanza upya. Akilazwa kwa dawa za usingizi, anahitaji daktari wa nusukaputi na vipimo vinavyoweza kuingia chumba chenye sumaku, maana sumaku ile haizimwi mgonjwa akitoka. Iko kazini usiku na mchana. Mtungi wa chuma wa oksijeni ukiingizwa kwa bahati mbaya huruka kama kombora.

Kwa hiyo kuna mahojiano marefu mlangoni, na familia zetu huyaona usumbufu. Sindano za hijabu zitolewe. Bangili, pete, vipini vya pua, nywele za kusukwa zenye vibanio vya chuma, sidiria. Hirizi pia, kwa sababu nyingine zina kifuko cha bati ndani, na ni bora kuisema mapema kuliko kuificha kwa haya. Wanja uoshwe, kwa kuwa aina nyingine zina chembe za madini zinazoharibu picha ya eneo la macho. Koili ya shaba ya kupanga uzazi kwa kawaida haizuii, lakini itajwe. Betri ya moyo lazima itajwe, na kadi yake iletwe. Na kama mgonjwa ni fundi wa kuchomelea vyuma ambaye aliwahi kuingiwa na kijichuma jichoni, aseme, hata kama ni miaka mingi. Jicho hupigwa eksirei kwanza. Nimewahi kumwona mzee akikasirishwa na swali hilo. "Mimi nina ugonjwa wa figo, unaniuliza habari za macho?" Alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea maisha yake yote.

Kwa mtoto mdogo, karibu kila MRI ni MRI ya usingizi. Hilo peke yake linatosha kuuliza mara mbili kama inahitajika leo.

Mionzi, mimba na maziwa

Hofu ya mionzi imewafanya baadhi ya waume kukataa CT kwa mke mjamzito, na nadhani hofu hiyo imepewa uzito usiostahili. CT ya kichwa humpa mama takriban milisivati 2, kiasi kisichozidi mionzi ya asili ambayo binadamu wa kawaida huipata kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Mtoto tumboni yuko mbali na kichwa, na kinachomfikia ni kidogo mno, chini sana ya kiwango kinachojulikana kuleta madhara. Mtukutiko mmoja usiodhibitiwa ni hatari kwake kuliko hiyo CT mara nyingi mno.

MRI bila dawa ya mshipani ya kung'arisha picha haijulikani kumdhuru mtoto tumboni. Dawa yenyewe, ile ya gadoliniamu, huepukwa kwenye mimba, na kwa figo zilizochoka hutumiwa kwa tahadhari. Habari njema ni kwamba PRES kwa kawaida haihitaji dawa yoyote ili ionekane. Kwa anayenyonyesha, dawa za CT na za MRI huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mwongozo wa madaktari wa radiolojia wa Marekani ni kwamba aendelee kunyonyesha. Kumwaga maziwa siku nzima si lazima.

Pesa na barabara

MRI ni ghali kuliko CT, kila mahali. Bei sitazitaja kwa sababu hubadilika na hutofautiana kati ya hospitali ya umma na ya binafsi. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote uliza kama kituo hicho kinapokea SHA kwa picha hasa, na kama kibali kinatakiwa kwanza. Mwanafamilia mmoja ashughulikie hilo huku mwingine akibaki na mgonjwa. Wote wawili wakienda dirishani, mgonjwa yuko peke yake kwenye korido.

Barabara ina uzito kuliko bei. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu, na mgonjwa wa Msambweni au Diani anaweza kuwa ameshakaa kwenye foleni ya feri ya Likoni, au amezungushwa kwa Dongo Kundu, kabla ya kuonwa na mtaalamu. Akifika mahali penye CT, magnesiamu (dawa ya kuzuia mtukutiko) na wadi ya wagonjwa mahututi, abaki hapo. Kumpakia tena kumvusha daraja la Nyali saa ya jioni akafanyiwe MRI kwenye kituo cha picha ambacho hakina hata chumba cha dharura ni uamuzi nisioutetea, hata kama mashine ya huko ni mpya na inang'aa. Mtukutiko hauchagui mahali, unaweza kumpata katikati ya foleni.

Na dawa hazingoji picha. Magnesiamu salfeti ni ya bei nafuu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa jina la Magpie, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba kwa wenye presha ya mimba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Presha hushushwa kwa labetaloli, haidralazini au nifedipini, polepole, takriban robo katika saa za mwanzo, kwa sababu kuiporomosha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu. Ukimwona daktari hataki presha irudi 120 usiku ule ule, hajazembea. Kama mimba bado iko, kujifungua ni sehemu ya tiba. Kwa mwenye dawa za kinga, dawa hupunguzwa au kubadilishwa, na daktari wake ndiye anayefanya hivyo. Familia isiziache kivyake.

Pale MRI inapostahili kusubiriwa, kulipiwa na kuhangaikiwa

Sasa ile 46 kati ya 47. Kama mama ana presha kali, protini kwenye mkojo, amepata mtukutiko, na baada ya magnesiamu anaamka, kichwa kinapungua, macho yanarudi ndani ya siku moja au mbili, basi MRI karibu kwa hakika itasema PRES, na matibabu yatabaki yale yale aliyoanzishiwa. Kwa huyo, sioni haja ya kuuza mbuzi wala kuchangisha kwenye WhatsApp ili apate picha ya kuthibitisha kinachojulikana. Wako madaktari watakaotofautiana nami, hasa wale wa kufundisha, wanaotaka kila kesi iwe na picha kamili. Naielewa hamu yao, ila pesa ni ya familia.

Mambo yakikataa kufuata njia hiyo, sasa ipiganie MRI. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea na haurudi. Mtukutiko unaendelea juu ya magnesiamu. Hajaamka sawasawa baada ya siku nzima. Haoni, na presha haikuwahi kupanda. Yuko kwenye dawa za kupandikizwa au za saratani, ambapo maambukizi ya ubongo yanaweza kuvaa sura ya PRES. Au CT ilikuwa safi na hali inazidi.

Ndani ya orodha hiyo kuna ugonjwa mmoja unaonifanya nisikubali jibu la haraka: damu kuganda ndani ya veni za ubongo, mishipa inayoitoa damu ubongoni kurudi moyoni. Mzazi ni mtu hasa wa kuupata, kwa kuwa damu yake katika wiki zile huganda kwa wepesi. Nao huanza kwa kichwa, huleta mtukutiko, huharibu macho, sawa na PRES. CT bila dawa inaweza kuupita kabisa. Lakini tiba yake ni heparini ya kuzuia damu isigande, dawa ambayo hungeitaka kwa mtu unayemshuku kuvuja damu kwa presha. Kwa hiyo ukiomba MRI kwa mzazi, uliza kama veni nazo zitapigwa picha. Mara nyingi inawezekana kwenye mashine ile ile, hata bila dawa ya mshipani, kwa dakika chache za ziada. MRI ikikosekana kabisa, CT ya veni yenye dawa inafaa, na ni afadhali kuliko kungoja siku tatu.

Maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla, yakafikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, yanataka kutazamwa mishipa ya ateri (inayopeleka damu ubongoni) pia, kwani mishipa inaweza kuwa imekaza. Hali hiyo na PRES huweza kukutana kwa mgonjwa mmoja.

Homa ikiwepo, tuko kwingine. Malaria ya ubongo hutafutwa kwa damu, homa ya uti wa mgongo kwa maji ya mgongo, na mashine ya bei yoyote haiwezi kuchukua nafasi ya vipimo hivyo viwili. Hapa Pwani nisingeruhusu mgonjwa mwenye homa na mtukutiko avuke geti la wadi kwenda MRI kabla kipimo cha malaria hakijasomwa.

Baada ya picha

Omba picha zenyewe kwenye CD, si ripoti ya karatasi peke yake. Daktari wa mishipa ya fahamu atataka kuziona mwenyewe, na MRI ya pili ikipigwa, thamani yake iko katika kuilinganisha na ya kwanza.

MRI ya pili si ya kila mtu. Mabaka hufifia kwa siku hadi wiki kadhaa, na picha huchelewa nyuma ya mgonjwa: anaweza kuwa anasoma ujumbe kwenye simu vizuri huku picha bado ina weupe. Kama amepona kabisa na picha ya kwanza ilikuwa ya PRES ya kawaida, wengi hawaihitaji. Kama ya kwanza iliacha shaka, au kuna dalili iliyobaki, irudiwe baada ya wiki chache. Dawa za kifafa nazo kwa kawaida si za maisha. Uliza zitaachishwa lini, na nani ataziachisha.

Kwa mama, kuna tarehe mbili za kuandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki kabla hajaruhusiwa. Ya kwanza ni ya kupima presha ndani ya siku chache za kufika nyumbani, hata kama ni kwa mashine ya duka la dawa la mtaani, kisha tena mpaka wiki sita ziishe. Ya pili ni ya mimba ijayo: afike kliniki mapema, kabla ya wiki ya 16, aseme alipata kifafa cha mimba, ili aanzishiwe aspirini ya dozi ndogo kwa wakati unaofaa.